Mashamba ya mizabibu ya Rasi, kwa macho ya mtu wa Dodoma

Watalii wengi wanaofuata mvinyo Afrika Kusini huishia kuijua nchi hiyo kwa glasi peke yake. Gari huwashusha mlangoni, huketi mezani, humiminiwa aina tano au sita, hupiga picha mlima ulio nyuma ya nyumba nyeupe za kale, kisha hupakiwa tena kuelekea shamba la pili ambako mambo ni yale yale. Sina ugomvi na anayeifurahia safari ya namna hiyo. Mimi, hata hivyo, nimekulia Dodoma, katika ukoo unaolima zabibu huko Mpunguzi, na kwetu mvinyo huanza na mikasi, samadi, nguzo na waya, muda mrefu kabla haujafika kwenye chupa. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuzunguka jimbo la Western Cape, yaani Rasi ya Magharibi, nilijiwekea sharti moja: katika kila shamba nioneshwe kwanza mizabibu yenyewe, nikanyage udongo wake, niongee na wanaoihudumia, ndipo nionje kilichotoka humo. Ninaandika haya kwa sababu naamini hiyo ndiyo njia bora ya kuitembelea nchi yoyote ya mvinyo, na kwa Afrika Kusini ndiyo njia pekee ya kuielewa.

Cape Town na mashamba yanayoizunguka yako karibu na nyuzi 34 kusini mwa ikweta, ilhali Dodoma iko nyuzi 6 tu. Tofauti hiyo inaeleza karibu kila jambo ambalo mkulima wa kwetu atalishangaa huko. Mvua za Rasi hunyesha wakati wa baridi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, na baridi hiyo huufanya mzabibu upukutishe majani yote na kulala. Joto linaporejea mwezi wa Septemba, machipukizi hutokeza shamba zima kwa wakati mmoja, na mavuno huja mara moja tu kwa mwaka, kati ya mwishoni mwa Januari na Aprili. Dodoma hatuna baridi ya kuulaza mzabibu namna hiyo. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mikasi yake, kwa maana akipogoa mzabibu huchipua, na kwa kuwa anapogoa mara mbili kwa mwaka, huvuna mara mbili. Nilipowaeleza hivyo wakulima wa Rasi, wengi waliniuliza maswali mengi kuliko niliyowauliza mimi, kwa sababu kwao msimu ni amri ya mbingu na kwetu, kwa kiasi kikubwa, ni uamuzi wa mtu.

Historia ya mvinyo wa Rasi inajulikana tarehe kwa tarehe, jambo ambalo ni adimu kwa zao lolote la kale. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliweka kituo chake hapo mwaka 1652 ili meli zake zinazokwenda Asia zipate maji, mboga na nyama. Miche ya kwanza ya mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 mkuu wa kituo, Jan van Riebeeck, aliandika katika shajara yake akimshukuru Mungu kwamba siku hiyo zabibu za Rasi zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali, kwenye vipeperushi na kwenye kuta za maghala. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba mwaka mmoja kabla yake, 1658, meli zilikuwa zimeshusha hapo watumwa mamia kutoka pwani ya Angola na Afrika Magharibi. Mvinyo wa Rasi na utumwa wa Rasi vimezaliwa karibu pamoja, na mgeni anayetoka pwani yetu ya Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua hilo, kwa kuwa baadaye wengi waliolima mashamba hayo walitolewa Msumbiji na Madagaska, wengine India na visiwa vya Indonesia.

Nilianzia Constantia, kwa kuwa ni ya zamani kuliko zote na iko ndani ya jiji la Cape Town lenyewe, nyuma ya Mlima wa Meza. Simon van der Stel, aliyekuwa mkuu wa makazi ya Rasi, alipewa ardhi hiyo mwaka 1685, na katika karne ya 18, hasa baada ya Hendrik Cloete kuinunua Groot Constantia mwaka 1778, mvinyo mtamu wa hapo ulitafutwa na wafalme wa Ulaya. Napoleon Bonaparte alipelekewa mvinyo huo alipokuwa kifungoni kisiwani Saint Helena. Sifa hiyo ilififia katika karne ya 19, na mvinyo wenyewe ukatoweka mpaka shamba jirani la Klein Constantia lilipoufufua kwa mavuno ya mwaka 1986 kwa jina la Vin de Constance.

Ukisimama juu ya miteremko ya Constantia unaelewa kwa nini mahali hapa palichaguliwa. Chini yako, upande wa kusini mashariki, ni ghuba ya False Bay, na kutoka huko wakati wa kiangazi huvuma upepo mkali ambao wenyeji wameuita daktari wa Rasi kwa kuwa unafagia hewa chafu ya mji. Upepo huo huyapoza mashamba na kuyakausha majani, na mkulima yeyote wa Dodoma aliyewahi kupoteza vichala kwa magonjwa ya ukungu atauthamini mara moja. Zabibu za Vin de Constance ni za aina ya Muscat de Frontignan, nazo huachwa juu ya mzabibu mpaka zisinyae na sukari yake ijikusanye. Kwa kuwa hazisinyai kwa pamoja, wachumaji hulazimika kupita mstari ule ule tena na tena kwa wiki kadhaa, wakichagua zilizofikia na kuziacha ambazo bado. Nilioneshwa kichala kimoja ambacho upande wake uliokabili jua ulikuwa umekunjamana na kugeuka rangi ya kahawia, na upande wa kivulini punje zilikuwa zimejaa na kung'aa. Mtu akishaona kichala kile, bei ya chupa ile haimshangazi tena.

Stellenbosch iko takriban kilomita 50 mashariki mwa Cape Town, na ndiko msafiri anakoweza kukaa siku nyingi bila kumaliza. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1679 na una jina la yule yule van der Stel. Ni mji wa chuo kikuu, wa mialoni mikubwa na mifereji ya maji kando ya barabara, uliozungukwa na milima ya mawe ya mchanga ambayo miguuni mwake kuna udongo wa itale iliyooza, mwekundu, wenye kina, unaoshika maji bila kutuama. Mwaka 1971 wakulima watatu wa hapo, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, waliungana kuanzisha njia ya mvinyo ya kwanza nchini humo, baada ya Malan kuona mfano wake Ufaransa. Kabla ya hapo mkulima wa kawaida alipeleka zabibu zake kwenye ushirika na habari ikaishia hapo. Wazo la kumfungulia mgeni lango la shamba, aonje na kununua palepale, ndilo lililozaa utalii wote huu tunaouona leo.

Miaka miwili baadaye, 1973, ikaja sheria ya mahali pa asili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoipa safari ya namna hii maana. Chupa ikiandikwa jina la eneo, zabibu zote zilizomo lazima ziwe zimetoka katika eneo hilo, zote kabisa. Mtu anaweza kusoma jina la wilaya au la bonde kwenye lebo, akapanda gari, akaenda kulikanyaga bonde lenyewe, akajua kwamba hajadanganywa.

Stellenbosch ndipo pia ilipozaliwa zabibu ambayo Afrika Kusini inajivunia kuwa ni yake. Mwaka 1925 Abraham Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu katika chuo kikuu cha hapo, alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, ambayo wakati ule huko iliitwa Hermitage, akapata mbegu nne na kuzipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi. Kisha akahama kwenda kufanya kazi kwingine, bustani ikaota magugu, na watu wa chuo wakatumwa kuisafisha. Mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyekuwa akijua kilichopandwa pale, aliiokoa miche ile kabla haijang'olewa. Hiyo ndiyo Pinotage. Wapo wasioipenda kwa ukali wake na harufu yake ya moshi ikitengenezwa vibaya, lakini Pinotage kutoka mizabibu ya zamani chini ya mlima Simonsberg, ambako shamba la Kanonkop limejijengea jina, ina uzito na utamu wa matunda meusi unaokaa mdomoni kwa muda mrefu, nami naihesabu miongoni mwa mivinyo bora niliyowahi kuonja.

Katika shamba moja la miteremko hiyo niliruhusiwa kuingia na wavunaji alfajiri. Kulikuwa bado giza, kila mtu ana taa kichwani, na mistari ya mizabibu ilionekana kwa vipande tu, pale taa ilipopita. Huanza mapema hivyo kwa sababu zabibu zikivunwa zingali na baridi ya usiku hazianzi kuchachuka njiani na mchuzi wake hauharibiki rangi. Mchumaji hukipokea kichala kwa kiganja cha kushoto kutoka chini, hukata kikonyo kwa mikasi midogo, hukitupia jicho, hung'oa punje zilizooza, kisha hukilaza kwenye kreti bila kukidondosha. Mama mmoja wa makamo, aliyeongoza kundi lake, alinipa mikasi akanisogeza kwenye mstari wake. Alinitazama kwa muda, akaniambia kwamba mikono yangu inajua kazi hii, akaniuliza nimeifanyia wapi. Nilipomwambia kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka aliwaita wenzake waje kusikia, na mmoja wao akauliza swali ambalo ndilo la msingi: je, na malipo huwa mara mbili?

Zabibu zile, ambazo zilikuwa Chenin Blanc, nilizifuata mpaka kiwandani. Zilimwagwa juu ya meza ndefu inayotembea, wanawake wanne wakachambua majani na vichala vibovu, kisha zikaingia kwenye mashine ya kukamua, ile yenye mfuko wa hewa unaovimba polepole ili mbegu zisipasuke. Mchuzi uliotoka ulikuwa wa kijani kibichi, wenye ukungu, mtamu kwa namna inayouma kidogo kwenye mashavu kwa sababu ya ukali wa tindikali, na hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa na mchuzi wa kwetu. Chenin Blanc inalimwa Dodoma pia. Usiku wa Dodoma una joto zaidi na zabibu hupoteza tindikali yake mapema, kwa hiyo mkulima wa kwetu hana budi kuvuna kwa wakati sahihi kabisa, ilhali wa Stellenbosch anaweza kusubiri siku kadhaa zaidi bila hofu. Aina ni moja, kazi ni nyingine.

Ukitoka Stellenbosch kwenda Franschhoek kwa njia ya mlima wa Helshoogte unapita katika kijiji cha Pniel. Watalii wengi hukipita bila kusimama, na hilo linanisikitisha. Utumwa ulikomeshwa rasmi katika koloni la Rasi tarehe 1 Desemba 1834, lakini walioachwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi kwa kisingizio cha kujifunza kazi, hadi mwaka 1838. Pniel ilianzishwa mwaka 1843 kama kituo cha misheni ambacho watumwa walioachwa huru wa mashamba yale walipata mahali pa kujenga na kulima, na wajukuu wa wajukuu wao wangali wanaishi hapo. Katika mashamba jirani bado kuna kengele zilizoning'inizwa kati ya nguzo mbili nyeupe, ambazo wageni hupenda kupigia picha. Kengele hizo ndizo zilizowaita watumwa kazini na kuwaruhusu kulala. Baadhi ya familia za Western Cape hubeba hadi leo majina ya ukoo kama September au February, kwa sababu babu yao alipofikishwa bandarini jina lake mwenyewe halikuulizwa, akapewa la mwezi.

Hapa ndipo kuzunguka mashamba kunapodai uaminifu kutoka kwa anayezunguka. Kwa vizazi vingi, wakati wa utumwa na baada yake, wafanyakazi wa mashamba haya walilipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo wa hali ya chini, waliogawiwa mara kadhaa kwa siku, na mtindo huo ulioitwa dop uliendelea kwa miongo kadhaa hata baada ya sheria kuupiga marufuku. Madhara yake yapo bado. Western Cape ina maeneo ambayo viwango vya watoto wanaozaliwa na athari za pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa duniani. Mishahara nayo ni hadithi ndefu. Mwishoni mwa mwaka 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu za mezani huko De Doorns waligoma, na mgomo ukasambaa katika sehemu nyingi za jimbo. Kima cha chini wakati huo kilikuwa randi 69 kwa siku, na kuanzia Machi 2013 kilipandishwa hadi randi 105. Ninayataja haya kwa sababu nilikutana na mashamba ambayo mwongozaji alieleza mbao za kila pipa zimetoka msitu gani wa Ufaransa, na hakuwa na sentensi moja kuhusu nyumba wanazoishi waliozivuna zabibu. Niliuliza kila mahali. Mashamba yenye jibu zuri hulitoa kwa furaha: yapo ambayo wafanyakazi wana hisa, na yapo yenye shule za watoto na zahanati.

Yapo pia mabadiliko ambayo moyo wangu uliyafurahia sana. Ntsiki Biyela alikulia kijijini KwaZulu-Natal, mbali na mizabibu, akafanya kazi za nyumbani kwa watu baada ya shule, kisha mwaka 1999 akapata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo Chuo Kikuu cha Stellenbosch, katika masomo yaliyofundishwa kwa Kiafrikana ambacho hakukijua. Alihitimu mwaka 2003, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini humo kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo, akatajwa mtengenezaji bora mwanamke wa mwaka 2009, na baadaye akaanzisha kampuni yake ya Aslina, jina la bibi yake aliyemlea. Nimemsimulia habari hii kila binti wa Dodoma ninayemfahamu anayesoma sayansi.

Kuhusu Franschhoek nitasema machache. Ni bonde zuri kupita kiasi, walikopewa ardhi Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya kidini na kufika Rasi kuanzia mwaka 1688. Kuna treni ndogo ya wazi inayowazungusha wageni kutoka shamba hadi shamba, nayo inafaa sana kwa anayesafiri bila dereva. Bei ni za juu, watu ni wengi, na shamba lenyewe huwezi kulikaribia sana.

Swartland ni jambo jingine kabisa, na kama ningepewa nafasi ya kurudi sehemu moja tu ningerudi huko. Iko kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Cape Town, nchi ya ngano, yenye vilima vinavyofuatana, ambavyo kiangazi hubakiwa na mabua ya rangi ya dhahabu mpaka macho yanapoishia. Hakuna nyumba za kifahari zenye maua. Miji kama Malmesbury na Riebeek-Kasteel ni ya wakulima, na kwa miaka mingi zabibu zao zilimwagwa pamoja kwenye matangi ya ushirika na kuuzwa kwa jumla, bila yeyote kuuliza zimetoka mlima gani.

Juu ya mlima wa Paardeberg, katika udongo wa itale iliyooza uliokauka na kuwa kama mchanga wa chumvi, nilioneshwa shamba la Chenin Blanc lililopandwa miongo mingi iliyopita. Hakuna waya, hakuna nguzo, hakuna bomba la umwagiliaji. Kila mzabibu unasimama peke yake, haufiki kiunoni, shina lake limepindapinda, nene kama paja, lenye magome yanayobanduka kwa vipande virefu ukiyagusa, na matawi yake yamefunguka pande zote na kuyafunika matunda yasiungue. Vichala vilikuwa vidogo, vya kuhesabika, punje zake ngumu na ganda nene. Mkulima alichimba kwa jembe kidogo tu kunionesha jinsi juu kulivyo kukavu, akaniambia kwamba maji yako chini sana na mizizi ilishayafikia kabla yeye hajazaliwa. Wakati wa ukame mkali wa mwaka 2015 hadi 2018, ambao nusura uyakaushe mabomba yote ya Cape Town, mashamba machanga yanayotegemea umwagiliaji yalidhoofu na mizabibu hii mizee ikaendelea kuzaa, kidogo, lakini ikazaa.

Kuzaa kidogo ndiko kulikokuwa kunaiua. Ushirika hulipa kwa tani, na shamba la namna hii hutoa tani chache tu kwa hekta, kwa hiyo mkulima mwenye watoto wa kusomesha aliing'oa mizabibu ya babu yake na kupanda ngano au aina mpya zenye mazao mengi, wala hakuna wa kumlaumu. Rosa Kruger, mtaalamu wa mizabibu, alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuzunguka nchi nzima akiyatafuta na kuyaorodhesha mashamba ya kale, na kazi yake ilizaa mwaka 2016 mradi wa kuilinda mizabibu mizee. Shamba lenye umri wa miaka 35 au zaidi linaweza kuthibitishwa, na chupa yake kubandikwa mhuri unaoonesha mwaka shamba lilipopandwa. Watengenezaji kama Eben Sadie, ambaye mvinyo wake wa kwanza wa Columella ulikuwa wa mavuno ya mwaka 2000, walithibitisha kwamba zabibu hizi zikitengenezwa peke yake, bila kuchanganywa kwenye tangi kubwa, dunia itazilipia. Mkulima aliyenitembeza sasa anauza zabibu zake kwa watengenezaji kadhaa wadogo kwa bei iliyo mbali na ile ya ushirika, na mwanawe amerudi nyumbani kulima.

Niliwaza sana kuhusu Dodoma nikiwa pale. Wakulima wetu nao huuza kwa kilo, au huuza mchuzi kwa lita, na soko likigoma zabibu huozea shambani. Sisemi kwamba dawa ya Swartland itatufaa kama ilivyo, kwa kuwa mizabibu yetu haipumziki na maisha yake shambani ni mafupi zaidi. Jambo ninalolitamani ni lile la kumjua mkulima kwa jina la mahali pake: kwamba mtu anunue chupa iliyoandikwa Hombolo, au Mpunguzi, au Bihawana, na aweze kufika hapo na kuoneshwa shamba. Kituo cha utafiti cha Makutupora kipo, wakulima wapo, reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ipo. Wageni wangekuja.

Mwisho nilikwenda pwani ya kusini, kwenye bonde la Hemel-en-Aarde, juu ya mji wa Hermanus, kiasi cha kilomita 120 kutoka Cape Town. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi hapo mwaka 1975 akitafuta mahali penye baridi ya kutosha kwa Pinot Noir na Chardonnay, wakati ambapo mfumo wa mgao wa KWV, ushirika mkubwa uliopewa na sheria mamlaka ya kusimamia mvinyo nchini humo, uliamua nani apande mizabibu na wapi, na bonde hilo halikuwa na mgao. Alipambana na urasimu huo kwa miaka mingi. Mgao wenyewe ulifutwa mwaka 1992, na leo bonde lina mashamba ya kutosha kujaza siku mbili za matembezi. Udongo ni wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya tabaka, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, na nilivaa sweta katikati ya kiangazi. Pinot Noir ya hapo ni nyepesi kwa rangi, yenye harufu ya udongo uliolowa na matunda mekundu, na ni mvinyo unaodai uvumilivu wa anayeunywa. Atakayekwenda kati ya Juni na Novemba ataona nyangumi kutoka ufukweni, ingawa mizabibu itakuwa imelala mpaka karibu Septemba.

Kwa atakayependa kwenda, msimu ndio uamuzi wa kwanza. Februari na Machi ni mavuno, kila mtu ana shughuli na bei za malazi ziko juu, lakini ndipo utakapoona kazi yenyewe. Julai ni upogoaji, kuna mvua na baridi, wenye mashamba wana muda wa kuongea, na mkulima wa kwetu atajifunza zaidi mwezi huo kuliko mwezi wowote mwingine. Aprili watu hufuata majani mekundu kwa ajili ya picha. Fahamu tu kwamba wekundu ule wa shamba zima, katika aina nyeusi, mara nyingi ni dalili ya virusi vya kujikunja kwa majani, vinavyosambazwa na wadudu wadogo weupe wenye unga mgongoni. Kwa sababu hiyo hiyo usibebe kijiti hata kimoja cha kupandikiza nyumbani, hata kama mwenye shamba amekupa kwa roho safi. Mdudu wa filoksera, anayeshambulia mizizi ya mizabibu, aliyegunduliwa Rasi mwaka 1886 na kuwalazimisha wakulima kubebesha karibu mizabibu yao yote juu ya mashina ya Kimarekani, alisafiri duniani kwa vijiti vya namna hiyo.

Mashamba mawili kwa siku yanatosha. Weka nafasi mapema, na katika barua yako omba waziwazi kutembezwa shambani na ghalani, si kuonja tu. Wengi hukubali siku za kazi, wachache hukubali Jumamosi. Tafuta dereva, kwa kuwa hata anayeonja na kuutema mvinyo kwenye chombo humeza kiasi fulani. Asiyekunywa asijizuie kwenda: mashamba mengi hukamua juisi ya zabibu zile zile, chakula chao ni kizuri, na historia niliyoisimulia hapa haihitaji glasi. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi unaweza kukata tiketi ya ndege kupitia Johannesburg na kuunganisha hapo. Barabara ni nzuri, magari hupita kushoto kama kwetu, na Pniel iko njiani kati ya Stellenbosch na Franschhoek, kwa hiyo hakuna sababu ya kutosimama.